Maji ya Jumapili

Baba mkwe wangu, mzee Osea Nzunda, alipima maji ya kijito kimoja kwa miaka kumi na saba. Miaka sita ya mwisho vipimo vyake vilikuwa vya uongo, na uongo huo ulianza mwezi ule nilioingia nyumbani kwake nikiwa bibi harusi. Yeye hakuujua. Mimi niliujua nikanyamaza. Naandika habari zake kwa sababu watu wa huku wanazisimulia vibaya, wanasema mzee alikuwa anajiandikia tarakimu akiwa kitandani. Hakuna hata asubuhi moja aliyofanya hivyo.

Nianze na yeye mwenyewe.

Alizaliwa karibu na Mbozi Mission, akasoma pale hadi darasa la nne. Baba yake alipofariki akaacha shule. Uhuru ulimkuta akiwa kijana wa kubeba minyororo ya wapima ardhi, huku na huko, mpaka miguu ikawa migumu kama kwato. Mwaka 1966 bwana maji kutoka Mbeya akaja kutafuta mtu mwenye mambo mawili: ajue tarakimu, na asiwe mlevi. Mama mkwe wangu, mama Marta, hucheka kila anapofika hapo.

"Wanaojua tarakimu walikuwa wengi," husema. "Wasiolewa nao walikuwepo. Mwenye yote mawili alikuwa mume wangu peke yake, na pombe yenyewe alikuwa ameiacha juzi."

Kijito hicho kinaitwa Hasonzo. Kinaanzia katika bonde dogo juu ya kijiji chetu. Zamani bonde lile lilikuwa msitu, watu wakaukata na kuuchoma wapande ulezi, mwaka huu hapa, mwaka ule pale, mpaka ikawa mwezi wa kumi unaruka kijito bila kulowa vidole. Serikali ikataka kujua jambo moja: msitu ukirudishwa, maji nayo yatarudi? Bonde la juu likafungwa, asilime mtu. Mzee Osea akaajiriwa kupanda miti ndani yake na kupima maji yanayotoka.

Chini ya bonde mafundi walijenga ukuta mfupi wa saruji, ukakatisha kijito. Katikati ya ukuta wakaweka bati nene lenye mwanya wa pembetatu, umekaa kama kola ya shati, maji yote yapite hapo. Nyuma ya ukuta likatokea dimbwi, na ndani ya dimbwi ukasimamishwa ubao wa sentimita. Maji yakija mengi yanapanda ubaoni, yakija machache yanashuka. Kazi yake ilikuwa kwenda kila siku saa moja asubuhi, asome, aandike kwenye daftari. Mvua iwe, ugonjwa uwe, msiba uwe. Siku aliyozikwa mama yake alikwenda kusoma kwanza.

Miche aliiotesha nyuma ya nyumba, kwenye maganda ya migomba. Alipanda mikuyu na mivengi, ile miti ya matunda meusi inayopenda kukaa na miguu majini, akaibeba kwa tenga kichwani. Watu walimwita Mganga wa Mto. Akipita kilabuni wanamwuliza:

"Mganga, leo mgonjwa kanywa uji?"

"Kanywa kidogo," anajibu.

"Mpe na nyama basi!"

"Mleteni mbuzi wenu, nitampelekea."

Mwaka 1974 watu walipohamishiwa kijijini, nyumba zaidi ya mia mbili zilitaka miti ya kujengea kwa mpigo, na miti yake ndiyo ilikuwa imenyooka. Alikaa bondeni siku tisa, mchana kutwa, na uji wake kwenye kibuyu. Alimwambia kila mwenye shoka: "Hii niachie. Nenda kwenye mikaratusi ya barabarani, nitakusaidia kubeba." Na kweli alibeba. Bega lake la kushoto lina kovu hadi leo.

Lakini maji hayakuongezeka. Mwezi wa kumi wa 1968 ubao ulisoma sentimita tisa. Mwaka 1972, tisa. Mwaka 1975, nane. Ikaja barua kutoka Mbeya ikiuliza kama kazi ile ina maana yoyote. Mama Marta anasema mzee aliiweka chini ya Biblia, na mwezi mzima hakuimba kanisani, alifungua mdomo tu.

Kisha nikaja mimi.

Niliolewa na mwanawe, Lwitiko, mwezi wa nane mwaka 1977. Mimi ni Mndali wa Ikinga. Kwetu, mke wa mwana hakutani na baba wa mumewe. Humtazami usoni, humsemeshi, jina lake hulitamki, na mkigongana njiani unaingia kichakani mpaka apite. Jina lake hapa naliandika kwa kalamu, lakini mdomo wangu haujawahi kulitoa. Wanyiha wa kwa mume wangu wana heshima hiyo pia, ila si kali namna yetu. Juma la kwanza nilijitupa kwenye mabua ya mahindi mara tatu. Mama Marta akaniambia, "Mwanangu Enesi, utaumia. Hapa salamu ya mbali inatosha." Nilishindwa. Mwili wenyewe ulikuwa unakimbia.

Mzee alisema nini? Alisema, "Mtoto wa watu kalelewa hivyo, tusimvunje." Akatafuta kengele ya baiskeli, akaifunga kwenye fimbo yake. Asubuhi akienda kijitoni alisimama juu kabisa, njia inapoanza kuteremka, akaipiga. Akangoja kadiri ya mtu kusali Baba Yetu mara mbili taratibu, ili kama nipo majini nichukue ndoo nipite njia ya pili. Ndipo akashuka. Sijawahi kuona mkwe wa namna hiyo. Miaka mitano nilikaa bila kupata mtoto, na hakuruhusu mtu anitanie uani kwake.

Sasa kengele hiyo ndiyo iliyoharibu kazi yake.

Miaka hiyo unga mweupe ulikuwa na soko Tunduma. Wazambia walivuka mpaka asubuhi wakiita, "Ubunga, mama, ubunga!" na wakatuachia sabuni, chumvi na mafuta, vitu ambavyo madukani kwetu vilikuwa vimekuwa hadithi. Unga haupati weupe huo mpaka mahindi yaliyokobolewa yakae siku mbili tatu kwenye maji yanayotembea. Maji ya chini yalikuwa yanavurugwa na ng'ombe. Dimbwi la mzee lilikuwa safi, ila kiangazi lilikuwa na kina kidogo, magunia hayakuzama. Kabla sijaja, wanawake waliwahi kujaribu kuziba ule mwanya wa bati ili dimbwi lipande. Mzee alitokea kimya kimya akawakuta, na walifukuzwa mpaka njia panda.

Aliyeona kwanza kwamba mambo yamebadilika ni Ruti. Ruti ni wifi yangu, binti wa ukoo wa mume wangu aliyeolewa papo hapo kijijini, mwenye mdomo na mikono myepesi. Tulikuwa majini kengele ikalia juu.

"Sikiliza," akasema. "Mkwe wako anatuletea tarumbeta."

"Ananiambia nipishe."

"Anatuambia sote tupishe, wifi! Wewe umekuja na baraka. Tangu leo tuna mlinzi."

Kesho yake akaja na kitambaa cha kitenge kikuukuu, akakijaza udongo na nyasi, akakisokomeza kwenye mwanya, akaacha tundu dogo chini. Jioni dimbwi lilikuwa limefunika magunia yote. Asubuhi kengele ilipolia alichomoa kitambaa, tukavuta magunia matetani mpaka mzee aondoke, tukapita njia ya pili. Nyuma yetu maji yalikuwa yanatoka kwenye mwanya kwa kelele. Dimbwi lile ni pana, halikushuka upesi. Mzee alipofika alikuta maji juu ubaoni, na mwanya unamwaga kama masika. Angeshuku nini? Ubao ulisema mengi na bati lilisema mengi. Aliandika kumi na mbili.

Tulikuwa wanawake sita, kila mmoja siku yake, mimi Jumatano. Usiku wa kuamkia Jumapili hakuna aliyeloweka, maana Jumamosi jioni tulikuwa tunatoa kila kitu na kwenda nyumbani kunyoosha nguo za kanisani, tukaanza upya Jumapili jioni.

Nimesoma hadi darasa la saba. Kusoma sentimita najua. Nikijitetea naweza kusema kwamba sikufikiri, nilidhani mzee anakwenda kuangalia kama maji yapo tu, kazi ya serikali, mshahara unakuja. Lakini mama Marta alikuwa ananiambia jioni, "Baba yako leo kafurahi, maji yamepanda," nami nilikuwa naitikia, "Ashukuriwe Mungu," mikono yangu ikinukia mahindi ya dimbwini. Mwaka 1979 alitoa kondoo kanisani, shukrani kwa ajili ya bonde. Alisimama mbele ya ushirika, akasema miti imeanza kulipa. Mimi nilikuwa kwenye kwaya. Niliimba.

Anastazia wangu alizaliwa mwishoni mwa 1982. Mwaka uliofuata, Jumanne moja katikati ya mwezi wa kumi, bwana maji mpya alikuja kutoka Mbeya, bwana Ishaka, mtu wa Tabora, mcheshi, mwenye miwani. Nilikuwa jikoni napika kuku. Wao walikaa nje, mgongoni mwa ukuta wa jiko, na madaftari yote juu ya mkeka.

"Mzee, haya ni mambo makubwa," akasema bwana Ishaka. "Kutoka nane mpaka kumi na tatu! Mwanya unapanuka juu, kwa hiyo maji yamekuwa mara mbili na zaidi. Huku kwingine tunaambiwa miti inakunywa maji, kwako inayatapika."

"Ni subira tu, bwana. Mivengi haina haraka."

"Ila kijito chako Mkristo kweli."

"Kwa nini?"

"Siku sita kinafanya kazi, ya saba kinapumzika. Tazama. Jumapili tisa. Jumapili nane na nusu. Jumapili tisa. Mimi Mwislamu, Ijumaa yangu hakiijali hata kidogo!"

Wote wakacheka. Mzee akasema, "Jumapili nawahi ibada, nasoma saa kumi na mbili. Labda maji yanakuwa hayajachangamka."

"Maji huchangamka?"

"Hata mimi alfajiri sichangamki, bwana."

Wakacheka tena. Mimi niliiweka sufuria chini. Mtu mwenye akili zake, amepima miaka kumi na saba, anatafutia Jumapili udhuru kama mama anayemtetea mtoto kwa majirani.

Kisha bwana Ishaka akaacha utani. Alisema yuko mbioni kuandika taarifa ya mwisho wa mwezi. Kwa kuwa Hasonzo imethibitisha, bonde la Isenzya nalo lifungwe mwaka mpya, lipandwe miti vile vile. Mzee amwandikie nakala safi ya vipimo vyote vya kiangazi, aipeleke kwa basi la Jumatatu.

Isenzya ni bonde la pili, ng'ambo ya kilima. Familia hamsini na mbili zina vinyungu humo, yaani bustani za tope zinazolimwa kiangazi wakati mashamba ya juu yamekauka. Ndicho chakula cha miezi ya njaa, kuanzia Novemba mpaka mahindi mapya. Wenye vinyungu vile wangeambiwa waondoke kwa sababu ya kitambaa cha Ruti. Na Ruti mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Nilimkuta kijitoni kesho yake, ilikuwa Jumatano, siku yangu. Nikamweleza.

"Tumwambie," nikasema.

"Tumwambie nani?"

"Mama Marta, amfikishie mzee."

"Na mzee atamfikishia yule wa miwani, na yule wa miwani atamfikishia nani? Wewe redio husikii? Wahujumu uchumi wanakamatwa mpaka wenye vipande viwili vya sabuni. Sisi tumepeleka unga Zambia miaka sita, na mtambo wa serikali tumeuziba kwa matambara! Nani atakayetuelewa?"

"Kinyungu chako je?"

"Bora nikose maharage kuliko nikose watoto wangu. Nawe una kichanga, Enesi. Fikiri jela na kichanga."

Nilifikiri. Siku hiyo hiyo nililoweka mahindi yangu, nikaziba mwanya kwa mikono yangu. Hilo silielezi kwa sababu yoyote. Nililifanya tu.

Alhamisi alasiri mama Marta alikuwa amekwenda kwa mgonjwa. Mume wangu alikuwa Tunduma, kibarua wa kupakia mizigo stesheni, hurudi mwisho wa juma. Nilikuwa jikoni na mtoto. Nje, kivulini mwa ukuta, mzee alikuwa ameketi ananakili. Nilisikia penseli. Ukuta wa jiko letu ni matete na udongo, na udongo umebanduka sehemu kadhaa, sauti inapita kama maji kwenye chujio.

Sikuwa na njia ya kumsemesha. Nikamketisha Anastazia mapajani, nikageuzia ukuta mgongo, nikamwambia yeye.

"Anastazia, mwanangu, mwambie babu kengele yake inasikika mbali."

Penseli ikasimama. Akamjibu mtoto, kama desturi inavyotaka. "Mjukuu wangu, mwambie mama nimefurahi. Ndiyo kazi yake kusikika."

"Mwambie babu, ikilia, mwanya wa bati unazibuliwa."

"Unazibuliwa? Mwulize mama ulikuwa umezibwa na nini."

"Mwambie babu, kitambaa. Na udongo. Tunaloweka mahindi."

Mtoto akaanza kucheza na kifungo cha blauzi yangu. Sauti ya mzee ilipokuja ilikuwa ile ile ya upole, hata haikupanda.

"Mwulize mama, tangu lini?"

"Tangu mama alipoolewa, babu."

"Kila siku?"

"Kila siku. Jumapili hapana."

"Jumapili," akasema. Alilisema mara moja tu.

Nikasikia anakusanya karatasi. Nikadhani anaondoka. Lakini aliuliza tena. "Mjukuu wangu, mama yako alisoma mpaka darasa la ngapi?"

"La saba, babu."

"Basi tarakimu alizijua."

Hakungoja jibu. Nilibaki nimeukumbatia mwili mdogo wa Anastazia, naye alikuwa anacheka kwa sababu alidhani siku nzima tunazungumza naye.

Ijumaa kengele haikulia. Ruti ndiye aliyenisimulia, kwa hasira. Mzee alitokea juu ya kichwa chake bila kishindo, kitambaa kikiwa bado kwenye mwanya. Hakumfokea. Alikaa juu ya jiwe, akamwambia, "Zibua, binti yangu, kisha uende nyumbani." Akakaa pale saa nzima mpaka dimbwi likatulia, ndipo akasoma. Nane na nusu.

"Una mdomo, Mndali," Ruti akaniambia. "Wakija kutukamata, kichanga chako utamwachia nani?"



Jumapili baada ya ibada mama Marta alikuja jikoni na rundo la kalenda kuukuu za kanisa, ambazo alikuwa anazihifadhi kwa ajili ya picha. Uso wake haukuwa na chochote cha kusomeka. "Baba yako anasema umsomee mtoto tarehe za Jumapili, za mwezi wa kumi, kila mwaka. Usome kwa sauti."

Nikaelewa. Siku sita za juma zilikuwa zimekufa, ila ya saba ilikuwa hai. Nikakaa na mgongo ukutani.

"Anastazia, mwaka sabini na saba. Tarehe mbili."

Kurasa zikafunuliwa nje. "Tisa," akasema mzee.

"Tarehe tisa."

"Nane na nusu."

"Tarehe kumi na sita."

"Nane na nusu."

Tulikwenda hivyo alasiri yote, mwaka hadi mwaka, sauti yangu ndani na yake nje. Tulipofika 1979, mwaka wa kondoo, alichelewa kujibu. Nilirudia tarehe. Akasema, "Nane." Mwaka 1980, tisa. Mwaka 1982, nane na nusu. Hakuna kilichopanda. Hakuna kilichoshuka. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo itokee kumi, hata mara moja tu, nimwone mtu huyu amepata kitu. Haikutokea. Miche aliyoibeba kichwani ilikuwa sasa inafunika bonde zima, ndege wamerudi, nyuki wamerudi, na maji yalikuwa yale yale ya siku ile alipopewa daftari la kwanza.

Jumatatu barua ilikwenda na basi. Mama Marta alimsikia mzee akiisoma, akaniambia maneno yake. Hayakuwa mengi. Kwamba vipimo vya tangu Agosti 1977 visitumike, isipokuwa vya Jumapili. Kwamba kwa vipimo vya kweli miti haijaongeza maji wala haijapunguza. Kwamba Isenzya isifungwe kwa ushahidi wake. Kwamba mwanya ulikuwa ukizibwa, naye hakulinda. Hakutaja nani.

Bwana Ishaka alirudi Novemba, mkutano wa kijiji ukaitwa. Safari hii hakuwa na utani. Alikuwa amekwisha kuwaambia wakubwa zake habari njema, akalazimika kuzirudisha kinywani. Akasimama mbele ya watu wote.

"Mzee Nzunda, miaka sita! Nani alikuwa anaziba?"

Mzee akavua kofia. "Msoma kipimo ni mimi, bwana."

"Najua ni wewe. Nauliza walioziba."

"Mchungaji akisinzia, kesi ni ya mchungaji. Fisi haitwi barazani. Niandike mimi."

Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Mganga wa Mto! Kumbe mgonjwa alikuwa anaigiza!" Mkutano mzima ukacheka. Wengine walikuwa wamenyang'anywa mashamba yao ya ulezi mwaka 1966 kwa ajili ya miti ile, na kicheko chao kilikuwa kimesubiri miaka kumi na saba. "Mshahara wa bure!" "Amejiandikia kitandani!" Yeye alisimama tu, kofia mkononi, kipara chake kinang'aa juani.

Tulikuwa pale wote sita, tumekaa upande wa wanawake. Ruti alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Bwana Ishaka akasema kwa mara ya mwisho, "Kama yupo anayejua, aseme sasa, maana mzee huyu anapoteza kazi." Nilitaka kunyanyuka. Nilihisi pia macho ya Ruti yamenijia. 

Nikamfinya mtoto wangu pajani.

Nilimfinya kwa nguvu. Akalia, kilio cha mtu aliyetendewa jambo na mama yake. Nami nikasimama, nikamfunga mgongoni, nikaondoka mkutanoni kama mama anayekwenda kubembeleza mtoto. Wanawake walinipisha njia, mmoja akasema, "Pole, jua kali." Alama ya vidole vyangu ilikaa siku mbili. Kila nilipomwogesha niliiona.

Kazi ilifungwa. Mafundi walikuja kung'oa bati na ubao, wakapakia kwenye gari. Isenzya haikufungwa. Hatukukamatwa. Mzee Osea hakupata hata barua ya kumshukuru. Bado hupanda kule juu siku mojamoja kukata mitambaazi inayoikaba mivengi, bila mshahara, na watoto wa kilabuni wamerithi kumwita kwa jina lile.

Kwa mama Marta niliomba msamaha kwa magoti. Aliniinua, akasema, "Si mimi niliyeharibiwa vipimo." Kwa mzee mwenyewe sijaweza. Watu wananisifu kwamba mimi ni mke mwenye adabu, miaka minane na bado namkimbia mkwe kama juzi. Nawaacha wasifu.

Mwaka huu, mwezi wa pili, Ruti alileta maharage mabichi ya kinyungu chake cha Isenzya, kikapu kizima, akakiweka mlangoni akaenda zake. Niliyapika. Anastazia sasa ana miaka miwili na zaidi, anaongea, na kazi yake aipendayo ni kupeleka maneno kati ya jiko na kivuli cha ukuta. Alimpelekea babu sahani akarudi mbio.

"Mama, babu anasema maharage ni matamu. Anasema ahsante. Anasema ni ya wapi?"

Alisimama mbele yangu, mikono nyuma, ameinua uso, anangoja neno la kurudisha. Nje kijiko kilikuwa kimesimama. Mzee naye alikuwa anangoja. Nikisema Isenzya, itanibidi niseme na lile la mkutanoni. Mtoto akanivuta nguo.

"Mama, nimwambie nini?"